Sindano Iliyoganda

Kitu cha kwanza Uluti alichokiona kilikuwa doa. Lilikuwa dogo, la rangi ya chai iliyokolea, kwenye kiganja cha glavu yake ya ngozi ya sili. Lilimpata asubuhi alipoitoa bunduki jikoni kwa baba yake mkubwa, Jaipiti, na kumpelekea nje aifunge juu ya mizigo. Alilisugua kwa theluji, halikutoka. Akalinusa. Halikunuka mafuta ya sili wala mafuta ya pikipiki ya theluji. Lilinuka kitu cha zamani, kama sanduku la marehemu linapofunguliwa. Akajiuliza limetoka sehemu gani ya bunduki. Alitaka kumuuliza Jaipiti, lakini Uluti alikuwa mtu ambaye maswali yake yote yaliishia kooni, na hilo nalo likaishia huko huko.

"Mama, umekaa vizuri?" Jaipiti aliuliza kutoka mbele, akiwa amepanda pikipiki tayari.

Uluti, juu ya sleji iliyofungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki, katikati ya mizigo, aliitikia kwa kuinua nyusi.

Jaipiti alikuwa kaka wa baba yake, mtu wa makamo mwenye ndevu chache na kelele nyingi. Uluti alikuwa bado msichana. Lakini alipozaliwa alipewa jina la mama yake Jaipiti, aliyekuwa amefariki majira yale yale, na anayepewa jina hupewa na cheo chake. Kwa hiyo mzee huyo hakuwahi kumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita Mama, alimletea kipande cha kwanza cha kila windo, na akimkuta amenuna aliuliza amekosa nini. Uluti kwa upande wake alipaswa kumwita mwanangu. Hakuwahi. Aliona haya. Akimhitaji, alikohoa.

Safari yenyewe ilikuwa ya majina vilevile. Huko Kangiq, ng'ambo ya ghuba, mpwa wa Jaipiti alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mtoto akapewa jina la marehemu baba yake Jaipiti.

"Tunakwenda kumwona mumeo," Jaipiti alikuwa amemtania tangu habari zifike. "Hana jino hata moja. Lakini hata zamani hakuwa nayo mengi."

Waliondoka kijijini kwao Ivisaaq hewa ikiwa tulivu, baridi ya mwisho mwisho wa majira ikiwa bado inauma. Walipofika katikati ya ghuba, upepo ukaanza kusukuma theluji chini chini juu ya barafu ya bahari, na mawingu yakaufunika mwanga hadi ukawa mweupe usio na kivuli. Katika mwanga wa namna hiyo shimo na kilima vinafanana. Jaipiti alipunguza mwendo. Hakupunguza vya kutosha.

Ufa ulikuwa umefunikwa na theluji changa. Pikipiki iliingiza pua yake humo kama ng'ombe anayekunywa maji, ikasimama wima. Jaipiti aliruka, lakini mguu mmoja ulibanwa kati ya chuma na ukingo wa barafu, na Uluti akasikia sauti ambayo hakuhitaji kuambiwa ni ya nini. Sleji ikaja ikiteleza kuelekea majini. Kamba ikakaza. Pikipiki iliyokuwa inazama ilianza kuvuta kila kitu nyuma yake.

Uluti hakufikiri. Alijitupa mbele juu ya mizigo, akachomoa kisu chake cha kike, kile cha umbo la nusu mwezi anachokatia ngozi, akaikata kamba. Sleji ikasimama, nusu ya ncha zake ikiwa hewani juu ya maji meusi. Pikipiki ikatoa mapovu. Ikazama na redio ya mawasiliano, na madumu ya petroli yaliyofungwa nyuma yake, na kofia mpya ya Jaipiti.

"Mama," Jaipiti alisema akiwa amelala chali, uso umekuwa rangi ya majivu. "Nadhani mguu wangu umegeuka upande usio wake."

Alimburuta hadi kwenye barafu ya miaka mingi, ile ya bluu isiyopasuka ovyo. Akasimamisha hema mahali ambapo mgongo wa barafu ulikinga upepo. Akavunja ubao mmoja wa sanduku la vyakula, akaunyoosha mguu huku Jaipiti akiuma mkanda wa bunduki, akaufunga ubao kwa ukanda wa ngozi ya kulungu. Hakukuwa na mfupa uliotokeza, lakini ngozi ilikuwa imechanika juu ya kifundo, na damu ilikuwa imetiririka kutoka ukingo wa ufa hadi mlangoni mwa hema.

"Kangiq iko wapi?" aliuliza.

"Fuata upepo ukupige shavu la kulia. Siku nzima kwa pikipiki nzima. Kwa miguu, ukiwa unanivuta mimi, tutafika mumeo ameshaota ndevu." Alifumba macho. "Tunakaa. Wataona hatujafika, watatoka kututafuta. Tuna nini?"

Walikuwa na samaki walioganda, mkate wa sufuria, chai, ngozi za kulalia, jiko dogo, na kopo moja la mafuta ya jiko lisilojaa. Na bunduki.

Bunduki ilikuwa fahari ya Jaipiti. Aliiagiza kwa posta kutoka duka la kusini, ikaja vuli kwa ndege ya mizigo, bunduki ya askari wa Kirusi, ya zamani kuliko umri wake, imezungushiwa karatasi ya nta. Ilikuwa ya bei nafuu kuliko bunduki yoyote ya kuwindia, na yeye aliamua kuifanya mpya. Aliuvua mwili wake wa mbao akauvisha wa plastiki nyeusi. Akabadilisha springi ya kifyatulio ili kidole kisichoke. Akapaka mtutu rangi nyeupe sili wasiuone. Na jioni ya kuamkia safari, juu ya meza ya jikoni, kwenye joto, akafunga darubini juu ya mgongo wake.

"Imevaa miwani sasa," binamu mmoja alikuwa amesema akiiangalia. "Bado suti."

Dubu alikuja kesho yake.

Uluti alikuwa nje akichonga barafu ya bluu kwa ajili ya maji, ile ambayo chumvi imeshaitoka. Aliinua kichwa akamwona juu ya mgongo wa barafu, ana rangi ya manjano kidogo kuliko theluji, mwembamba mbavuni, pua juu. Alikuwa anaisoma ile damu.

Uluti alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akakohoa.

Jaipiti alielewa. Alijivuta kwa viwiko, akachukua bunduki iliyokuwa imeegemezwa nje, mahali bunduki zote hukaa, maana chuma kikiingia hemani hutoka jasho na jasho huganda. Akalala kifudifudi. Dubu aliteremka, akaja akitembea kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Jaipiti alimwacha akaribie. Kisha akafyatua.

Tk.

Haikuwa sauti ya bunduki. Ilikuwa sauti ya mtu anayegonga mlango akiwa amevaa soksi mkononi. Jaipiti alivuta nyuma komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, risasi ikaruka nje nzima, nyingine ikaingia. Tk.

Uluti aliokota sufuria na shoka akaanza kuvigonganisha, kwa nguvu, huku akipiga ukelele ambao hakujua anao. Dubu aliketi kitako. Akawatazama kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake. Halafu akainuka, akageuka, akaenda zake nyuma ya mgongo wa barafu. Hakwenda mbali. Kila mara ncha ya pua yake ilionekana, kisha ikapotea.

Jaipiti aliitupa bunduki thelujini kando yake. "Risasi mbovu. Risasi za jeshi zilizolala ghalani tangu enzi za babu yangu."

Uluti alikuwa amepiga magoti, anatafuta. Alizipata zote mbili zilizokataa, ile iliyoruka na ile aliyoitoa bundukini kwa mkono. Akaingia hemani, akafukua chini ya sanduku la vyakula hadi akapata ganda tupu la risasi iliyopigwa vuli lililokuwa limesahaulika humo. Akayapanga matatu kwenye goti lake, vitako juu. Ganda la vuli lilikuwa na shimo katikati, la kina, la duara, kama alama ya kidole kwenye unga. Zile mbili zilikuwa na kijidoa tu, kama alama ya ukucha.

Alikohoa.

"Nini tena, Mama?"

Akamwonyesha kwa kidole. Alipoona hiyo haitoshi, akasema, kwa sauti iliyotoka kama ya mwenye mafua, "Hizi zimeguswa. Hii iligongwa."

Jaipiti alizitazama kwa muda mrefu. "Basi ni springi yangu. Niliweka laini mno."

"Uliiweka lini?"

"Vuli."

"Ukapiga nayo?"

"Kulungu wawili." Akatikisa kichwa. "Hapana. Si springi."

Ilikuwa mara ya kwanza Uluti kumuuliza maswali mawili mfululizo, na la tatu likaja lenyewe, likisukumwa na mengine yaliyokuwa yamepanga foleni nyuma yake. "Ndani ya komeo mna nini?"

"Mna sindano. Nyundo inaipiga sindano, sindano inaipiga risasi."

"Umewahi kuiona?"

Jaipiti alikuna ndevu zake chache. Upepo ulikuwa unapiga turubai. "Mama, sitakudanganya. Niliibadilisha nguo. Mwili wake sikuugusa. Niliosha mtutu, nikafuta nje, nikasema imetoka kwenye karatasi, ni safi."

Uluti aliichukua bunduki, akavuta komeo nyuma, akalitikisa karibu na sikio. Kimya. Akavua glavu, akaliangalia lile doa lililokuwa bado liko pale. Aliwaza jiko la Jaipiti, meza, joto, bunduki imelala hapo jioni nzima inafungwa darubini. Kitu kilichokuwa kigumu kilikuwa kimelainika kikachungulia nje. Na kikishapelekwa barafuni kingefanya nini? Alikuwa amekua akiangalia taa ya mawe ya bibi mzaa mama yake. Alijua mafuta ya sili yanavyokuwa maji karibu na utambi na yanavyokuwa kama nta pembeni. Mafuta ni mafuta, hata ya Warusi.

"Kuna grisi humo," alisema. "Imeganda. Sindano inaogelea kwenye mafuta mazito. Lazima ifunguliwe, ioshwe."

"Ioshwe na nini?"

Aliangalia kopo la mafuta ya jiko.

Jaipiti aliona alikoangalia. "Hapana," alisema. "Yale ndiyo maji yetu. Mafuta yakiisha utayeyusha barafu kwa nini, kwa pumzi? Na bunduki haifunguliwi barafuni. Ina vitu vidogo ndani. Kimoja kikianguka, tumebaki na rungu la plastiki. Tutampigia sufuria."

"Atazoea sufuria."

"Nimesema hapana."

Upepo ulizidi. Kwenye mwanga ule usiozimika vizuri Uluti alikaa mlangoni na shoka, na mara mbili alimfukuza dubu kwa kelele. Mara ya kwanza alikimbia. Mara ya pili alitembea. Baadaye katikati ya upepo akasikia ngurumo nyembamba, mbali, upande wa Kangiq, ikapanda, ikashuka, ikapotea. Injini. Watu walikuwa wanatafuta, na katika theluji ile inayoruka wangeweza kupita karibu kabisa wasilione hema jeupe. Mlio wa risasi ungewaita. Sufuria haikuweza.

Jaipiti naye alizisikia. Alikuwa ameshikwa na homa, midomo imepasuka, macho yanang'aa. Aliivuta bunduki akaikumbatia kifuani, akafyatua kuelekea juu kupitia uwazi wa hema. Tk. Akafyatua tena. Tk. Injini zikafa kabisa masikioni.

"Nitaipiga mpaka iamke," alisema, meno yakigongana.

Uluti alimtazama mtu yule mzima, mkaidi, aliyeshikilia kitu chake kama mtoto aliyekatazwa. Akapiga moyo konde.

"Mwanangu," alisema. "Nipe."

Jaipiti aligeuka taratibu. Uso wake ulibadilika namna ambayo Uluti hakuwahi kuiona kwa mtu mzima, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili na sauti ambayo hakutegemea kuisikia tena. Hakubisha. Alinyoosha mikono yote miwili, akampa bunduki.

"Ndiyo, Mama," alisema. Kisha akalala.

Uluti alianza kwa kuzima jiko, maana mvuke wa mafuta yale hauhitaji kualikwa ili uwake. Alitandaza ngozi ya kulungu, upande wa ngozi juu, ili kitakachoanguka kionekane. Darubini ilikuwa imefungwa juu ya kifuniko cha mgongoni, na kifuniko ndicho mlango, kwa hiyo vilitoka pamoja. Nyuma yake kulikuwa na springi ndefu iliyotaka kuruka. Aliishikilia kama anavyoshika ndege. Halafu likatoka komeo, chuma kizito cha ukubwa wa kidole gumba cha mtu mnene. Kwenye ubavu wake kulikuwa na kipini kidogo kinachopita upande hadi upande. Aling'oa msumari kwenye sanduku la vyakula, akauweka juu ya kipini, akagonga kwa mgongo wa shoka, polepole, kama anavyogonga mfupa asimwage uboho. Kipini kikasogea. Kikatoka.

Sindano haikutoka. Ilibidi aliweke komeo kwapani, chini ya nguo, juu ya ngozi yake, na kukaa hapo akitetemeka hadi chuma kikapata joto la mwili. Alipolitikisa tena, kitu kiliteleza. Sindano ikatoka polepole sana, ikiwa imevaa koti la grisi ya rangi ya chai iliyokolea, ile ile, na harufu ya sanduku la marehemu ikajaa hemani.

Alisahau dubu. Alisahau baridi. Aliishika sindano kwenye mwanga, akaizungusha. Ilikuwa na bega upande mmoja, na bapa upande mwingine, na ncha fupi ya mviringo. Kumbe kipini kilipita kwenye lile bapa ili isitoke na bado iweze kucheza. Kumbe hakukuwa na springi ya kuirudisha, ilitakiwa kuteleza tu, bure, mbele na nyuma. Kuna mtu mahali fulani, mbali, kabla ya Uluti kuzaliwa, aliyekaa akafikiria jambo hilo. Na kuna mwingine, wa ghalani, aliyejaza grisi ili kutu isiingie, akifanya kazi yake vizuri kabisa.

Alimimina mafuta ya jiko kwenye kifuniko cha kopo la chai. Akaosha sindano. Akaosha tundu la komeo kwa kishungi cha nywele zake mwenyewe alichokisokota kwenye uzi. Mafuta ya kwanza yalitoka kahawia, ya pili manjano. Aliendelea hadi yakatoka meupe, na kopo la mafuta likawa jepesi mkononi. Akafuta kila kitu kwa kitambaa kikavu.

"Usitie mafuta mengine," Jaipiti alisema ghafla, macho yamefumba. "Baba yangu alikuwa anaziacha kavu kabisa kabla ya baridi. Nilijua hilo. Nilidhani ni la bunduki za zamani."

"Hii ni ya zamani."

"Ndiyo. Nilikuwa nimesahau, kwa sababu ya miwani."

Alivitoa nje vyuma vyote juu ya ngozi ili vipoe kwanza, jasho lake ligande nje ya tundu na si ndani. Ulipotanda ukungu mweupe juu yake, akaupangusa kwa manyoya ya kofia yake. Ikabidi aviunganishe huko huko nje, akiwa na glavu nyembamba za sufu, na kipini kidogo hakikushikika kwa glavu. Akavua ya kulia. Chuma kilimng'ang'ania vidole. Alipouvuta mkono, ngozi ya ncha za vidole ilibaki, na kipini kikaruka.

Uluti hakusogea hata unywele. Alitazama tu theluji, ambayo haikuonyesha chochote. Ilikuwa laini, imeingia tangu asubuhi, na kitu chembamba kuliko punje ya mchele kilikuwa kimezama ndani yake.

Akachukua sufuria. Akachota theluji yote iliyokuwa mbele ya magoti yake, mpaka chini kwenye barafu ngumu, akaingia nayo hemani, akawasha jiko kwa mafuta yaliyobaki.

"Unapika?" Jaipiti aliuliza.

"Natafuta."

Theluji ilishuka, ikawa uji, ikawa maji. Aliyachunguza kwa kijiko. Kwenye sehemu ya chini kabisa kitu kiligusa bati, kikatoa sauti. Aliokota kipini, akakifuta, kisha akatia majani ya chai kwenye maji yale, kwa sababu yalikuwa maji na jiko lilikuwa linakohoa pumzi zake za mwisho.

Jaipiti alikunywa. "Ina ladha ya bunduki," alisema. Alikunywa yote.

Kipini kilipokaa mahali pake, Uluti alilitikisa komeo karibu na sikio. Tiki-tiki. Tiki-tiki. Sindano ilikuwa inakwenda na kurudi kama jino bovu. Akaliweka kwenye sikio la Jaipiti naye asikie. Jaipiti aliinua nyusi, akatabasamu homa ikiwa usoni.

Darubini aliiacha chini. Ilikuwa imehama kidogo pamoja na kifuniko, isingeonyesha kweli. Chini yake, kwenye mtutu, zilikuwepo zile alama za zamani za kulengea, za chuma, ambazo hakuna aliyekuwa amezibadilisha.

Dubu alirudi bila kujificha. Alipita kando ya sleji, akaangusha mzigo wa samaki kwa mkono mmoja, akaulamba, kisha akakaza macho mlangoni. Uluti alipiga magoti. Alitia shavu kwenye plastiki nyeusi.

"Usimpige yeye," Jaipiti alinong'ona nyuma yake. "Risasi hii ni ndogo. Ukimjeruhi tutakuwa na dubu mwenye hasira badala ya dubu mwenye njaa. Piga barafu iliyo mbele ya pua yake. Imrukie usoni."

Dubu alichukua hatua. Uluti aliangalia kipande cha bluu mbele ya miguu yake. Akafyatua.

Mlio ulimziba masikio. Barafu ililipuka ikawa sindano elfu, zikampiga dubu puani, akaruka kando, akateleza, akaanguka ubavu, akainuka akiwa tayari anakimbia. Alikimbia bila kutazama nyuma hadi akawa kitu cha manjano, halafu akawa si kitu.

Ganda lilikuwa limelala kwenye theluji linatoa moshi. Uluti aliliokota kabla hata ya kuvuta pumzi. Kitakoni palikuwa na shimo la kina, la duara.

Mafuta yaliisha pale pale. Baada ya hapo maji yalitoka kwenye chupa aliyoijaza vipande vya barafu na kuivaa tumboni chini ya nguo, akiyeyusha funda kwa funda, la kwanza la Jaipiti, la pili lake. Samaki waliwala wakiwa wameganda. Upepo ulipotulia kidogo, alitoka akapiga risasi tatu kuelekea juu, akasikiliza, akarudi ndani. Akatoka tena baadaye akapiga tatu nyingine. Kila mara kabla ya kupiga alilitikisa komeo, na kila mara lilimjibu. Jaipiti alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo, mara anamwita Mama huyu wa hemani, mara mama yake wa zamani, na haikuwa na tofauti. Uluti aliitikia miito yote miwili.

Risasi zilipobaki chache sana, alipiga tatu, na kutoka kwenye weupe mtu akamjibu kwa tatu.

Walikuja kwa pikipiki nne. Wa kwanza kushuka alikuwa Akisu, mume wa mpwa wa Jaipiti, baba wa yule mtoto, barafu imemjaa kwenye nyusi. Aliangalia ufa, akaangalia nyayo za dubu zilizozunguka hema kama uzi kwenye kifungo, akaangalia mtu aliyelala ndani.

"Mjomba, tulikutegemea kwa chakula cha mchana," alisema.

"Nilisimama kunywa chai," Jaipiti alijibu kwa sauti iliyokwaruza.

Walimfunga kwenye sleji kwa ngozi zote walizokuwa nazo. Uluti alipanda nyuma, bunduki mapajani, vidole vyake vimefungwa kitambaa. Hakuna aliyemwambia aiweke chini.

Huko Kangiq nesi aliunyoosha mguu vizuri, akasema utapona ila utatabiri hali ya hewa maisha yote. Jioni nyumba ya Akisu ilijaa watu. Walikaa sakafuni kuzunguka nyama, na Jaipiti, mguu juu ya mto, alisimulia kila kitu, akiongeza dubu ukubwa kila aliporudia. Uluti alikaa ukutani na mtoto mikononi. Mumewe alikuwa ana uso mwekundu, amelala, amekunja ngumi moja kwenye kidole chake chenye kitambaa.

"Basi Mama akaamua," Jaipiti alikuwa anasema. "Alijua yule dubu atarudi. Alijua mimi nimekwisha. Akayatoa mafuta ya mwisho, akaifungua katikati ya barafu, kitu ambacho mimi mwenyewe niliogopa. Kwa ajili yangu."

Watu walimgeukia. Mama mmoja alifuta macho. Akisu akasema, "Ni kweli, Uluti? Ulimfanyia hivyo?"

Walisubiri ainue nyusi. Hivyo ndivyo alivyojibu siku zote, na ingetosha, na wangerudi kwenye nyama. Uluti aliangalia nyuso zao. Aliangalia bunduki iliyokuwa inaonekana kupitia dirishani, imeegemea ukuta wa nje, bila darubini.

Alikunja pua. Hapana.

"Dubu alinipa sababu," alisema, na watu wakaacha kutafuna, maana wengi wao hawakuwahi kuisikia sauti yake. "Hata bila dubu ningeifungua. Tangu siku ile ilipokuja ndani ya karatasi, nilitaka kuona kilichomo."